Mkaguzi wa Sufuria

Langoni, Lamu
Jumapili, 29 Juni 2025

Mwanangu Razan,

Salamu za Mwenyezi Mungu zikukute huko Eldoret ukiwa mzima wa mwili, na kama baridi imekupunguzia uzima basi akurudishie. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baba yako alivuka kutoka Chundwa Jumatano na kikapu cha mahindi mabichi. Alikaa saa nzima akitazama vidole vya miguu yake, akaondoka. Ndugu yangu huyo hajui kufariji, na mimi sijui kufarijiwa, kwa hiyo tulielewana. Wifi yangu Ruba huja kila siku baada ya alasiri, hukaa mpaka magharibi.

Leo ni siku ya kumi na saba ya eda yangu. Bado miezi mitatu na ushei, nitoke mnamo tarehe kumi na nane Oktoba, inshallah.

Usidhani kuna mtu aliyeninyang'anya simu. Shehe mwenyewe alisema mjane kushika simu hakuna neno. Ni mimi niliyekutilia simu hiyo mkobani ulipokuja kwenye khitma ya mume wangu, Ami yako, na nina sababu zangu, usiniulize. Tena usinipigie kwa simu ya Ruba. Neno likipita kwa Ruba hufika Matondoni kabla halijafika kwangu. Andika barua, utie kwenye basi la mizigo kama nifanyavyo mimi.

Sasa nina jambo la kukutuma. Ndani ya simu ile kuna kundi la mapishi, Jiko la Jirani. Ni watu elfu tatu na kitu, kila pembe ya Kenya, na wote wanamjua Ami yako kwa jina la Mkaguzi, maana kila nilipopika niliandika alichosema alipofunua sufuria. Waambie kuwa Mohdhar amefariki tarehe kumi na mbili Juni. Maneno machache, usipambe. Halafu mwandikie Cherono peke yake. Ni yule mwalimu mstaafu wa Kapsabet. Miaka mitatu tumeulizana kila asubuhi, jirani, leo unapika nini, wala uso wake sijauona. Anamfumia Mkaguzi sweta. Ameshasema atalileta mwenyewe mwezi wa kumi. Mwambie mapema. Sitaki mtu aingie mlango huu na zawadi mkononi kisha aniulize, yuko wapi mwenyewe?

Kupika napika. Jana nilitia chumvi nikaonja, sikusikia kitu, nikatia tena, sikusikia kitu, nikatia tena. Ruba aliutema wali kwenye kitambaa. Kulia silii. Wanawake wakija hunitazama kama wanaongoja maji yachemke. Mimi nimekaa tu.

Vaa soksi.

Shangazi yako,
Alawiya

*

Eldoret
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwa Shangazi Alawiya,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya siku tisa, na bahasha bado ilikuwa na harufu ya udi wa nyumbani. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile ya kupima maziwa kiwandani. Magari huja alfajiri, nachukua sampuli, natia kwenye mashine, mashine inasema mazuri au mabaya. Sina ninaloulizwa zaidi ya hilo, na siku hizi naona ni afadhali. Jepchirchir, tunayekaa naye chumba kimoja, amepandishwa cheo, hupika mboga za managu kila jioni na kunibakishia. Mimi asubuhi nakula mkate na chai, na jioni chai na mkate. Najua utasema nini, kwa hiyo usiseme.

Baba amenipigia. Asema nguruwe mwitu wamemaliza mihogo ya upande wa bondeni.

Kundi halijambo, wanakusalimu sana. Kuhusu Cherono usiwe na wasiwasi, nimewasiliana naye.

Shangazi, nilifika siku ya tatu, mkanionyesha mchanga. Najua ni haki, maiti hasubirishwi, na kutoka huku ni safari ya siku mbili. Lakini mchanga si mtu. Naamka nikisahau. Naenda kazini nikiwa nimesahau, na nikikumbuka huwa ni kama nakumbuka habari ya mtu wa nyumba nyingine. Je, mtu anaweza kuwa hivyo na akawa mzima?

Niambie kitu kimoja. Siku ile Ami Mohdhar alikula nini? Au hakuwahi kula?

Mwanao,
Razan

*

Langoni, Lamu
Jumatano, 30 Julai 2025

Razan mwanangu,

Alhamdulillah kwa barua, na alhamdulillah kwa Jepchirchir ambaye angalau anajua kuwa binadamu hula mboga. Huku kuna afya. Paka wa Ami yako, yule wa mkia uliokatika, bado analala juu ya mkoba wake wa spana. Sijamfukuza. Mtungi wa uani umeanza kuvuja, nyumba ya fundi mabomba miaka thelathini na moja, na sasa natega ndoo.

Umeandika kuwa kundi "wanakusalimu". Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Aliyefiwa hasalimiwi, hupewa pole. Watu elfu tatu, hakuna hata mmoja aliyesema pole? Nakuuliza tena, wazi: umewaambia au hukuwaambia? Na Cherono amesema nini? Ninyi vijana mna neno hili "nimewasiliana". Hata mbuzi akilia dirishani amewasiliana.

Nitakwambia jambo, kwa kuwa usiku na mchana wangu ni mrefu na Ruba amekwisha habari. Watu wa kule kundini walidhani Mohdhar ni mnene. Kwa nilivyoandika, mtu aliyesema "ukoko huu umepata wali kidogo" lazima awe na tumbo. Nao hawakumwona, hakukubali kupigwa picha. Wewe wamjua, alikuwa mwembamba kama bomba la nusu inchi. Alikula vijiko kumi, akashiba. Lakini kufunua sufuria alifunua! Alikuwa akirudi kutoka kazini saa sita kasorobo, kabla hata ya kunawa, anapita jikoni, anafunua, anatoa hukumu, anafunika. "Hamri hili liwekwe, litafaa kuzibia tangi." "Chumvi iko kazini, samaki ameenda likizo." Nami nilikuwa nacheka mpaka najishika ubavu, kisha naandika.

Ruba alikuwa akiniambia nina adabu mbovu, kumtoa mume wangu mtandaoni achekwe. Nikamjibu kuwa mimi na Mohdhar tulikuwa binamu kabla ya kuwa mke na mume, na binamu ni watani tangu matumboni. Haki yangu ya kumtania haikuandikwa na kadhi hata kadhi aifute.

Umeuliza alikula nini. Siku hiyo kulikuwa na kolekole wa kupaka, kwa nazi na ukwaju. Hayo yanatosha.

Nijibu nilichouliza.

Alawiya

*

Eldoret
Jumapili, 24 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima, na mtungi umepata fundi. Huku mvua hazikatiki. Barua hii nampa Mwalimu Wafula, anayefundisha huko Lamu, amekuja likizo kwao na kesho anarudi. Ameahidi kuifikisha mkononi mwako.

Sikuwaambia.

Nilipofika huku kutoka kwenye khitma nilikaa kitandani na koti langu mwilini, nikafungua kundi ili niandike yale uliyokuja kunituma baadaye, maana hata kabla ya barua yako nilijua ni lazima. Juu kabisa palikuwa na neno lako la mwisho, la tarehe kumi na mbili, na picha ya kolekole. "Leo Mkaguzi amefunua, amefunika, ameondoka bila neno. Jamani, nadhani amestaafu." Watu mia sita na kumi na wanne walikuwa wamecheka. Chini wanauliza, je, amepewa kiinua mgongo? Wanjira wa Nyahururu anauliza kama mumewe anaweza kuomba nafasi hiyo.

Niliandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikaisoma. Nikaifuta. Kisha nikaandika, kwa jina lako: "Kustaafu kumemshinda. Amerudi kazini leo, ameomba aanzie kwa sufuria ndogo."

Walifurahi sana, Shangazi. Sikujiona mwizi wala mwongo. Sikuhisi kitu, isipokuwa kwamba ilikuwa Ijumaa na Ami yupo. Ijumaa iliyofuata nikaandika tena. Sasa zimefika kumi. Picha natumia zako za zamani zilizo kwenye simu, maana mimi jikoni kwangu kuna kikombe tu. Cherono aliuliza kipimo cha sweta. Nikamjibu afanye kubwa.

Huku hakuna aliyenipa pole, kwa kuwa hakuna niliyemwambia nimefiwa. Hata Jepchirchir. Nilirudi kazini nikasema nilikuwa na safari. Ukishasema safari huwezi tena kusema msiba.

Nitawaambia. Ninaomba tu unipe ruhusa ya kukawia kidogo.

Razan

*

Langoni, Lamu
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Kwa Razan,

Amani iwe juu yako. Sijapata barua yako tangu Julai, na leo sitangoja jibu ndipo niandike. Mji umejaa wageni wa Maulidi, matari nayasikia kutoka ndani. Afya ipo.

Jumanne Ruba aliingia bila hodi, hakuketi. Alininyooshea simu usoni.

"Alawiya, haya ni nini? Wewe u edani, na yeo asubuhi watu wasoma kuwa kakangu kakagua mbaazi!"

Nikaichukua simu. Mbaazi zilikuwa zangu, za mwaka jana, nalijua lile bakuli lenye ufa. Chini yake jina langu, na maneno: "Mkaguzi asema mbaazi hizi zimeiva kwa hiari yao, mpishi asijisifu." Na watu wamecheka mia nne na kitu.

"Mato yako makavu tangu siku ya kwanza," Ruba akasema. "Nalinyamaa. Nalisema kila mtu na huzuni yake. Kumbe wamfanyia mzaha na mtanga wa kaburi haujakauka!"

"Ni mimi," nikasema.

"Na simu waitoa wapi?"

"Ninayo nyingine."

Akanitazama, nadhani alitaka nikane. Sikukana. Akaondoka na viatu vyake mkononi, kavivalia mlangoni. Tangu siku hiyo hakuna anayekuja. Bi Hadil wa nyumba ya mbele amefunga dirisha lake la upande wangu. Leo Ijumaa niliweka juzuu na maji ya kunywa kwa wanawake wa kusoma Yasini, nikasoma peke yangu. Ruba amesema siku ya kutoka eda hatatia mguu humu, wala hapana mwanamke wa ukoo wao atakayekuja kuniombea dua.

Haikuniuma. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba haikuniuma. Nilikaa nikafikiri, hapa ndipo mtu huumia, nikangoja.

Sikukutaja kwa sababu wewe hujaolewa bado, na hapa jina la msichana likishatiwa doa hata maji ya zamzamu hayalitoi. Mimi mjane wa miaka hamsini na tisa, nalitunzia nani jina? Usinishukuru. Nimekasirika, au ningekasirika kama ningeweza.

Lakini nijibu jambo moja. Niliposoma yale ya mbaazi nilimsikia Mohdhar. Si mtu anayemwiga. Yeye mwenyewe, na ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema. Nilisoma zote kumi na kitu nikiwa nimesimama, Ruba ananipigia kelele, nami namsikiliza mume wangu. Umempata wapi?

Alawiya

*

Eldoret
Jumanne, 16 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na samahani kabla ya salamu. Kumbe barua yangu ya Agosti hukuipata. Nimempigia Mwalimu Wafula, akasema ipo ndani ya kitabu chake cha Fizikia, alisahau. Anakuletea leo. Ukiisoma utaona kuwa nilikwisha kukiri kabla Bi Ruba hajaja, si kwamba inasaidia kitu.

Umeuliza nimempata wapi. Maneno yale yalikuwa yangu, Shangazi. Yote. Tangu mwaka wa kwanza.

Mwanzoni, ulipojiunga na kundi, Ami alinipigia akiwa na haya, akazunguka sana, mara maziwa, mara hali ya hewa. Mwisho akasema: "Shangazi yako aandika habari zangu, na mimi sina la kusema. Jana nalimwambia chakula kizuri, kanitazama kama nimemtukana. Nipe neno, mwanangu." Nikampa lile la ukoko. Alasiri akanipigia tena, anacheka hasemi vizuri. "Kaanguka, Razan! Kaanguka kwa kicheko mpaka kashika ukuta!" Toka siku hiyo, kila kukicha, saa tano na nusu alikuwa akinipigia. Ananiambia asubuhi umenunua nini sokoni, nami nampa neno. Aliniapisha nisikwambie. Nilikaa nanyi miaka minne ya sekondari, nikala kwenu, nikalala kwenu, na hilo ndilo jambo pekee alilowahi kuniomba.

Tarehe kumi na mbili Juni alinipigia mara tatu. Saa tano na dakika ishirini, saa tano na nusu, saa tano na dakika arobaini na moja. Nilikuwa nimeanza kuandika hapa kwamba kulikuwa na gari la maziwa yaliyoharibika na msimamizi kasimama. Si kweli. Simu ilikuwa mezani mbele yangu, inatetemeka, nami nina nafasi. Nilichoka tu. Nilisema moyoni, mtu mzima huyu, hawezi kumsifu samaki mwenyewe siku moja?

Kwa hiyo aliondoka bila neno kwa sababu neno lilikuwa kwangu, na mimi sikupokea. Kisha akapanda kwenye dari ya watu kufunga tangi, akaanguka. Hilo ndilo nilikuwa nalificha, hayo ya kundi ni mepesi.

Nimewaambia jana. Nimeandika kuwa Mkaguzi amefariki tangu Juni, kwamba mkewe yuko edani na hana simu, na kwamba yote yaliyoandikwa tangu hapo niliyaandika mimi. Wengine wamenitukana, wengi wametoa pole. Kwa Cherono nilikwenda mwenyewe Jumapili, kabla ya wote. Nilimkuta amekaa uani na sweta mapajani, limebaki mkono mmoja. Nilimweleza. Hakunigombeza. Aliendelea kufuma mpaka safu ikaisha, ndipo akauliza, "Na wewe, unakula?" Akanipa ugali na maziwa ya mursik nikala yote. Anasema atakuja kama alivyoahidi.

Bi Ruba nimemwandikia barua yake peke yake, nimesaini jina langu kamili. Jina langu na lipate doa. Si lako la kubeba.

Sijui nimalizie vipi.

Razan

*

Langoni, Lamu
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Razan mwanangu,

Mungu akuweke. Baba yako hajambo, amepanda mihogo mingine na safari hii amezungushia miba. Mtungi bado unavuja. Barua zako mbili nilizipata, ile ya Wafula ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake, na maskini aliomba radhi mara tano mlangoni. Sikujibu mapema. Nilikuwa nazisoma.

Jumamosi nimetoka eda. Nilioga alfajiri, nikavaa nguo Ruba alizoniletea. Ndiyo, Ruba. Aliingia wa kwanza na sinia la mahamri, na wanawake wote wa ukoo nyuma yake. Wakasoma dua vizuri. Walipokwisha akanivuta chumbani akasema: "Nalistaajabu sikuzote. Kakangu tangu mtoto hakuwa na mzaha hata wa kumtekesha mbuzi. Nalisema labda ndoa imemfunda." Kisha akalia sana, nikamshika mpaka akatulia.

Na mimi nilijua, Razan. Sikujua ni wewe, nilidhani ayapata kwa kinyozi. Lakini kwamba si yake nilijua siku ya kwanza. Alikuwa akisimama ukumbini akikariri, namsikia kutoka jikoni, ananong'ona kama mtoto wa chuoni aliyeambiwa kesho zamu yake. Wakati mwingine alikosea akaanza upya. Ndipo anaingia, anafunua, anavuta pumzi, anasema. Nami nampa mgongo, maana nikimtazama alikuwa akisahau. Unafikiri nilikuwa nikicheka nini, ukoko? Maneno yako ni mazuri, mwanangu, lakini nilikuwa nikimcheka yule mtu wa ukumbini.

Sasa na mimi nikwambie nilichokificha. Siku ile sikumsikia akikariri. Niliusikia mfuniko tu. Nilikuwa nimempa mgongo, samaki nimemwandaa kwenye sahani dirishani penye mwanga, nampiga picha ya kundi. Nikangoja neno. Akasema, "Alawiya."

Nikasema, "Ngoja, napiga picha."

Nilipogeuka hayupo. Niliandika kuwa ameondoka bila neno. Neno alilisema, lilikuwa jina langu, na sijui lilikuwa na nini nyuma yake. Nikaandika na ule mzaha wa kustaafu. Nilioneshwa baadaye saa iliyoandikwa pale kwenye simu: saa sita na dakika arobaini na sita. Wao walimwokota chini ya dari ile saa sita na nusu. Basi ndiyo sababu ya simu kuingia mkobani mwako.

Kwa hiyo usije ukafikiri kuwa umemnyima neno. Alikuwa nalo. Aliyekuwa hana nafasi ni mimi.

Cherono alifika jana. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, na ana sauti ya kuamrisha darasa. Tulisimama mlangoni tukiangaliana, kisha akasema, "Jirani, leo unapika nini?" Nikasema kolekole. Aliketi jikoni kwenye mbuzi wa kukunia nazi kama aliyezaliwa Langoni, akakuna mpaka vidole vikachubuka. Sweta ameleta. Ni la kijani, amelimaliza mikono yote miwili, na tungeingia mimi, yeye na Ruba tukabaki na nafasi. Akaomba amwone mwenyewe. Nikamtolea ile picha ya kitambulisho, ndiyo pekee. Aliiangalia, akaliangalia sweta, akaiangalia tena. "Huyu ndiye?" akauliza. Nikasema huyu ndiye. Akaanza kucheka akiziba mdomo kwa aibu, na mimi nikamtazama akicheka. Mimi sikucheka. Lakini harufu ya ukwaju ilinifikia, na nikajua kuwa nina njaa. Nilikuwa nimesahau njaa inavyokuwa.

Wakati wa kupakua akafunua sufuria, akafunika haraka, akanigeukia kama aliyeingia chumba cha watu. "Sasa mimi niseme nini?" Nikamwambia asiseme kitu, alete sahani. Chumvi ilikuwa kidogo. Nimeisikia kuwa ni kidogo.

Simu yangu usimpe mtu aniletee. Wewe mwenyewe ilete ukija Desemba. Kwa sasa nimenunua ndogo ya vitufe, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Nitakupigia saa tano na nusu. Nipe neno, nami nitasimama ukumbini nikilikariri mpaka likae.

Na siku usiyojisikia kupokea, usipokee. Nitafunua, nitafunika, nitakula.

Shangazi yako,
Alawiya